Mama Atakuwapo

Mutheu alikuja mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya Idi, bila kupiga simu. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele nikasikia hodi, na kabla sijainua uso nikasema, "Mutheu, ingia, kwani mlango huujui?" Akacheka. Amenenepa kidogo, alikuwa amebeba mtoto wa kike, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko zamani. "Shikamoo Bibi," akasema, nami nikamwitikia marahaba. Kisha nikampokea mtoto, tukatazamana. Aliyetuona kwa mbali angesema ni furaha tu, na furaha kweli ilikuwapo. Lakini hofu ilinirudia ileile ya mwaka ule alipokaa kwangu, kwa sababu huyu ndiye aliyeniuliza maswali ambayo sijapata kuulizwa na mtu mwingine, na moja kati ya maswali hayo sikulijibu sawasawa, na mjukuu wangu Mejumaa ndiye aliyebeba matokeo yake.

Alilala chumba kilekile cha uani. Asubuhi, tukinywa chai, akaniambia, "Bibi, yaandike yale. Andika vile unavyosema." Mimi shule nilikwenda madarasa matatu, na chuoni nilihitimu Kurani, basi. Lakini mkono haujasahau herufi, na majina ya watu sisahau kabisa. Akina mama niliowazalisha hapa Gazi nawajua wote, wao na watoto wao, na waliokufa nawajua pia. Hao waliokufa ndio ambao sikuwa nikiwataja. Basi naandika mwaka ule mmoja, mengine nayaacha.

Wakati ule wakunga wa nyumbani tulikuwa tumeshaambiwa tusizalishe tena, kazi yetu iwe kuwasindikiza akina mama hospitali. Tulibaki wawili, mimi na Bi Mwanakombo, jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi usiokuwa na mfupa wala breki. Ikaletwa kampuni moja ya kutengeneza mfumo wa simu. Mama mwenye mimba anaandikishwa, anapewa namba. Uchungu ukimshika, mkunga anaituma ile namba kwa simu yake ndogo, na gari la wagonjwa linatoka lenyewe, bila kubembelezana na mtu. Mutheu alitumwa aje kuuandika mfumo huo. Nilidhani atakuja na mitambo. Alikuja na daftari, na kompyuta aliyoizungushia leso isipate mchanga.

"Huo mfumo wenyewe uko wapi?" nilimwuliza.

"Bado haupo, Bibi. Mimi naandika vile utakavyokuwa. Wenye kuutengeneza wako Nairobi, hawajafika Gazi na hawatafika. Watafuata nilichoandika, neno kwa neno. Nisichoandika hawatakijua, na mashine nayo haina akili ya kujazia."

"Ni kama bibi harusi wa mjini jikoni," akasema Bi Mwanakombo. "Ukimwambia tia chumvi, usiposema kiasi gani, anamwaga kopo."

"Hapo sasa umeniandikia kazi yangu yote," Mutheu akasema, na kweli akaandika.

Chumba nilichompa kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mikoko ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na dirisha linalotazama kisima. Pale ndipo tulipokaa miezi miwili ya kwanza, asubuhi baada ya chai, mimi kitandani, yeye mezani, Bi Mwanakombo chini mkekani akisuka ukili na kusikiliza yasiyomhusu. Nilijua kuzalisha, sikujua kueleza. Nilimwambia, "Gari lije haraka." Akauliza, "Haraka ni dakika ngapi?" Nikamwambia kabla maji hayajachemka. "Maji ya sufuria gani, Bibi?" Nikamwambia mkunga ataambiwa. "Aambiwe na nani? Asiposikia, ni nani anarudia?" Nyumba ya fulani iko karibu na msikiti, karibu hatua ngapi, upande gani, na akija dereva mgeni asiyeujua msikiti? Kila sentensi yangu aliigeuza akatafuta mahali inapovuja, kama mtu anayenunua ndoo. Siku nyingine nilichoka nikamwambia aende akale. Alikula vizuri, huyo mtoto wa Kikamba. Alikuja hapa hajui mbaazi za nazi na mahamri, akaondoka anajua kuzikosoa. Na mimi nikaanza kujisikia nikisema jikoni, "Weka hapo," kisha najiuliza, hapo wapi.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Yaliyonitia hofu ni maswali ya upande wa pili. Mutheu hakutosheka na jambo linavyokwenda likienda vizuri. Alitaka kujua linavyokwenda likiharibika. Kama simu haina chaji. Kama mvua imekata barabara. Kama mkunga mwenyewe ni mgonjwa. Kila siku alikuja na kama zake, na kila kama ilihitaji basi yake. Sasa, kwetu, mbele ya mwanamke mwenye mimba hayasemwi maneno kama hayo. Tumbo lenyewe hulitaji mpaka lijitaje. Hununui nguo za mtoto kabla hajalia. Maneno ya uchuro ni kama kumpungia mkono mtu aliyekuwa anapita njia yake: ataingia. Nimekulia katika hilo, na wakunga walionifundisha hawakunieleza hata siku moja namna mwanamke anavyokufa. Walinionyesha tu cha kufanya asife, na alipokufa tulimfunika tukanyamaza.

Siku yenyewe tulikuwa tunakula muhogo wa nazi, asubuhi ya jua kali. Mejumaa alikuwapo. Alikuwa ameolewa Kikoneni na kijana aitwaye Salim, mkulima, na alikuja kunijulia hali. Mimba yake ya kwanza ilikuwa ya miezi miwili na hakuna aliyekuwa ameisema, lakini mimi nilishaiona shingoni, kwa mshipa unavyopiga. Alikuwa amekaa kizingitini akichomoa nyuzi za muhogo sahanini mwake. Mutheu akafunua daftari.

"Bibi, na kama gari limefika nyumbani kwa mama, halafu mama hayupo?"

Bi Mwanakombo akaacha kutafuna. Mimi niliiona shingo ya Mejumaa. Nilisikia swali lile kama linamwulizia yeye, kama kwamba kuna mtu amefika mlangoni kwake na kutazama ndani na kukuta kitanda kitupu.

"Mwanangu," nikasema, "usituletee uchuro kwenye chakula. Mama atakuwapo."

"Kila mara?"

"Kila mara. Mwanamke ana uchungu, aende wapi? Sokoni?"

Mejumaa akacheka. Bi Mwanakombo akasema, "Huyu binti anaiita mauti kama anayeita kuku." Mutheu akanitazama kidogo, akataka kusema kitu, kisha akainama akaandika. Alinisomea: "Mama atakuwapo nyumbani alikoandikishwa." Akauliza, "Ni sawa hivyo?" Nikamwambia ni sawa. Mwisho wa mwezi waraka ulipochapishwa, kurasa nyingi, nilitia sahihi yangu kwenye kila ukurasa kama alivyotaka, na ukurasa ule pia.

Nimelifikiria jambo hili mpaka limenichosha. Kwetu, mimba ya kwanza haizaliwi kwa mume. Ikifika mwezi wa saba, mume mwenyewe humleta mkewe kwao, na begi lake, na mchele, akamkabidhi kwa mama yake au kwa bibi yake, na hapo ndipo atakapojifungulia na kukaa mpaka arubaini iishe. Hilo nalijua mimi, analijua Bi Mwanakombo, analijua kila mbuzi anayepita Gazi. Na mama huandikishwa kliniki mimba ikiwa changa, angali kwa mumewe. Sikumficha Mutheu. Sikulisema tu, kwa sababu jambo linalojulikana na wote halina mwenye kazi ya kulisema. Alipouliza mama asipokuwapo, pale ndipo mlango ulipokuwa wazi niliseme. Mimi nikasikia kifo, nikaufunga.

Mimba ilipofika mwezi wa saba Salim alimleta Mejumaa kwangu, kama mila inavyotaka. Mfumo ulikuwa umeshaanza kufanya kazi ya majaribio, na Mutheu alikuwa amerudi kutoka Nairobi, akikaa Ukunda. Alipita siku moja akamkuta Mejumaa ameketi na tumbo lake, wakasalimiana, wakacheka. Alidhani amekuja kunitembelea. Na mimi nilikaa nao, nikawapikia.

Siku zake zilipotimia, ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi, taratibu, na sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimetoka kuswali nikasikia Mejumaa ananiita kwa sauti ndogo mno, "Bibi," na nilipofika nikaona damu. Si ile ya kawaida. Nilimlaza, nikainua miguu yake, nikaituma namba kama nilivyofundishwa. Simu ikajibu papo hapo: Gari limetoka. Nikashukuru Mungu. Nikamwambia Mejumaa gari limetoka, naye akatikisa kichwa. Bi Mwanakombo akaja akashika mkono wake wa pili. Tukangoja. Leso ya kwanza ikalowa, nikaweka ya pili. Ya pili ikalowa. Kisha simu ikalia, nikaisoma mara mbili: Gari limefika.

Nikatoka nje mbio. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Palikuwa na mbuzi amelala, na nguo za jirani kwenye kamba. Nikazunguka uani, labda limeingia kwa nyuma. Nikaenda mpaka njia ya msikiti nikarudi. Hakuna gari. Nikatuma namba tena, nayo ikajibu vilevile: Gari limefika. Katika maisha yangu nimeogopa mambo mengi, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa nimesimama kwenye ua wangu mtupu, simu inaniambia kwa utulivu kabisa kwamba gari liko hapa. Nilidhani akili yangu imeondoka. Nilidhani kuna gari, ila mimi sijaruhusiwa kuliona.

"Limefika wapi?" Bi Mwanakombo akauliza kutoka ndani.

Na hapo, kwa swali lake hilo, nikajua. Nikauona ukurasa na sahihi yangu chini yake. Gari lilikuwa Kikoneni.

Baadaye tuliambiwa kila kitu. Dereva, anaitwa Mwinyi, alibisha kwa Salim, mama yake Salim akatoka akamwambia, "Mejumaa yuko kwao Gazi, kwani hamjui?" Mwinyi alitafuta kwenye simu yake mahali pa kusema mama hayupo. Hapakuwapo. Palikuwa na kitufe kimoja, cha kusema amefika, kwa kuwa waraka ulisema mama atakuwapo. Alipojaribu kupiga simu, mtandao wa kule ukawa haushiki. Akageuza gari kuja Gazi kwa akili yake mwenyewe, Mungu amlipe, lakini ni mbali.

Tulimpeleka na Kassim, ambaye pikapu yake huleta barafu ya samaki. Alikuwa anashusha mzigo. Hakuuliza kitu, alisukuma makasha pembeni tukatandika godoro katikati. Njia nzima mpaka hospitali ya Msambweni maji ya barafu yalikuwa yanatiririka chini yetu na kuchanganyika na damu, sikuweza kujua kipi ni kipi wala ni kiasi gani, na mimi nimekuwa nikikadiria damu kwa jicho tangu ujana wangu. Mejumaa aliniuliza mara moja kama tumefika. Kisha hakuuliza tena. Hospitalini walimpokea wakakimbia naye. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshakwisha. Mejumaa akaingizwa chumba cha upasuaji, akatolewa, akaongezwa damu, hakufumbua macho. Bi Mwanakombo na Salim, aliyefika baadaye, wakabaki naye. Mimi nilirudi Gazi na mtoto mikononi ili wanaume wamzike, wakamzika kabla ya magharibi.

Mutheu alinikuta chumba cha uani, nimekaa chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakunipa pole ya maneno mengi. Alikaa chini nami, akafungua kompyuta mapajani.

"Bibi, nimewaambia Nairobi wauzime mfumo, wameuzima. Lakini wako akina mama kumi na mmoja kwenye orodha. Mfumo ukizimwa hawana gari. Ukiwashwa ulivyo, litakwenda kusiko. Nahitaji kujua kila kitu kinachoweza kuharibika. Kila kitu. Na ni wewe unayejua."

"Leo?"

"Leo, Bibi. Riziki siku zake zimeshafika."

Riziki ni rafiki yake Mejumaa, ameolewa hapa Gazi na Hamisi. Nikamwambia, "Riziki hayuko Gazi. Yuko kwa mama yake, Taru." Mutheu akafumba macho kidogo, akachukua simu.

Nataka anayesoma aelewe nililoogopa. Mejumaa alikuwa amelala Msambweni kati ya huku na huko. Saa ileile naambiwa nihesabu njia ambazo mwanamke hufa. Niliona kama nikimtaja mmoja aliyekufa kwa damu, nitakuwa nimempungia mkono mjukuu wangu amfuate. Nilimwambia Mutheu, "Nikisema haya, nitamuua." Hakunibishia wala hakunicheka. Alisema, "Sijui, Bibi. Mimi sijui mambo hayo. Najua tu kwamba Riziki naye ana bibi."

Nikaanza na Zuhura. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwangu tangu azikwe. Alitokwa na damu kama Mejumaa, na waliotumwa kutafuta gari walifuatana wote, hakubaki hata mmoja wa kunisaidia kumbeba. Mutheu akaandika: nani anabaki, nani anakwenda. Nikamtaja Nimwaka, ambaye simu ya nyumba ilikuwa mfukoni mwa mumewe, naye mume yuko baharini. Akaandika: namba ya pili, na ya tatu. Nikamtaja Mwanaidi, ambaye gari lilifika, la kukodi, likangoja mlangoni na injini inawaka, na mama mkwe akakataa asitoke mpaka mume atoe ruhusa, na mume hapatikani. Mutheu akaacha kuandika. "Ruhusa itolewe lini, Bibi?" Nikasema, "Siku ya kuandikishwa. Mbele ya mama mkwe. Iandikwe." Akaandika. Nikasema juu ya wanaorudi kwao, na waliopewa talaka wakiwa na mimba, na wanaojificha kwa shangazi kwa sababu ya aibu. Kila jina lilipotoka nilisikiliza simu yangu, nikingoja Bi Mwanakombo apige. Haikulia. Nikasema tena.

Usiku ulikuwa umekwenda aliponiuliza la mwisho. "Na kama gari limefika, na mama ameshakufa?"

Nikamwambia, "Dereva asigeuze akaondoka. Ateremke. Amfunike, ampakie, ampeleke panapostahili. Mkunga asiachwe peke yake na maiti. Mimi niliachwa na Zuhura." Akaandika yote, akanisomea, nikarekebisha neno moja.

Asubuhi nilikwenda Msambweni na karatasi ndani ya mkoba. Nilifika wodini, nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda chake. Godoro lilikuwa limekunjwa. Bi Mwanakombo hayupo, Salim hayupo. Wagonjwa wa pembeni wakanitazama, mmoja akageuza uso. Siku zote za nyuma ningekaa pale sakafuni ningoje mtu aje aniambie kwa kuzungukazunguka, na mimi nikubali kuzungushwa. Alipita muuguzi na sinia la dawa. Nikamshika mkono.

"Mejumaa wa Salim, aliyelala hapa. Yu hai au amekufa?"

Akashtuka kwa nilivyouliza. "Yu hai, mama. Tumemhamisha chumba cha pili, alfajiri. Wenzako wako naye."

Alikuwa amelala chali, midomo myeupe. Salim alitoka akatupisha. Nilikaa, nikampangusa uso. Habari ya mtoto alikuwa ameshaambiwa, niliona. Akauliza, "Bibi, gari lilikwenda wapi?"

"Lilikwenda kwa mumeo, Kikoneni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliulizwa kama utakuwapo, nikasema utakuwapo. Niliogopa swali lenyewe. Nilitia sahihi."

Aligeukia ukutani. Sikumgusa. Bi Mwanakombo akainuka, akamrudishia shuka miguuni. Nje walikuwa wanagawa uji, vikombe vinagongana.

"Riziki yuko Taru," akasema Mejumaa, bado ameelekea ukutani.

"Tumeshaliandika. Mutheu aliongea na mama yake jana ileile. Gari la upande wa kule linaijua nyumba."

"Mmeandika nini?"

Nikatoa karatasi. Macho yangu si mazuri, nilisoma polepole, kidole juu ya mstari. "Namba ikitumwa, mfumo umuulize mkunga kwanza: mama yuko wapi sasa hivi. Gari liende hapo. Dereva asipomkuta mama, aseme hayupo, na mfumo umpigie simu mkunga papo hapo, na usiache kupiga mpaka mtu ajibu."

Mejumaa akageuka akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Soma tena," akasema.